Feni ya prosesa kwa joto la Dar: ya boksini, mnara mmoja, minara miwili au ya maji?

Wakuu, watu wanaounganisha kompyuta hapa mjini wananiuliza sana swali hili, nibaki na feni iliyokuja na prosesa (ile chipu kuu ya kompyuta) kwenye boksi au ninunue nyingine, na kama nanunua nichukue ya mnara (safu ya mapezi ya chuma inayosimama juu ya prosesa, moja au mbili) au ya maji. Alafu wakienda kutafuta majibu wanakutana na vipimo vya watu wa Ulaya na Marekani, mtu kakaa kwenye chumba cha digrii 21 anasema prosesa yangu imeishia 70 mambo safi, na wewe uko Tabata mwezi wa pili, chumba kina 31, panga boi linazungusha hewa ya moto ileile. Namba zake ni za kweli kabisa ila si zako. Huku kwetu hii kitu inabidi uipime kivyake, na mi naamini kabisa watu wengi wanaruka mnara mmoja wa bei ya kawaida, ambao ungewatosha, wanaenda kulipia maji na mataa.

Hesabu yenyewe iko hivi. Feni ya prosesa, iwe ya bei chee au ya bei kali, haiwezi kushusha joto chini ya joto la hewa inayoivuta. Inachofanya ni kupunguza pengo kati ya prosesa na hiyo hewa. Kwaiyo ukisoma mahali prosesa imefika 70 kwenye chumba cha 22, toa, pengo ni 48, alafu jumlisha na chumba chako, 48 na 31 unapata 79. Ndo namba yako hiyo takriban. Na dari ya kila prosesa inajulikana, Core i5-12400 ya Intel mwisho wake 100, Ryzen 5 7600 ya AMD mwisho 95, Ryzen 5 5600 mwisho 90, ikifika hapo inaanza kujipunguzia spidi yenyewe ili isiungue. Sa unaona mtu wa Ulaya na 5600 yake ana digrii 20 za kuchezea, wewe umebakiwa na 11. Ndo maana feni ileile kule inaitwa inatosha na hapa ukirenda (ukichakata) video mchana inaanza kupiga kelele kama inataka kuruka.

Na hata hapahapa Dar usilinganishe feni uliyoipima mwezi wa saba usiku na ulioipima mwezi wa kwanza mchana. Kipupwe usiku inashuka mpaka kwenye 20, kaskazi ikishika mchana ni 31, 32, 33 na unyevu juu yake. Hapo umeshapata tofauti ya digrii 10 na zaidi ambayo haina uhusiano wowote na feni. Kipimajoto cha chumba kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya nyumbani kinatosha, ila kiweke karibu na pale keisi inapovuta hewa, usikibandike ukutani, maana keisi nyingi tunazisukumia kwenye kona chini ya meza na kule kwenye kona hewa ni ya moto kuliko katikati ya chumba. Soma namba ya kipimajoto, soma namba ya prosesa kwenye programu ya HWiNFO, andika pengo. Ukiandika pengo unaweza kulinganisha feni ya leo na ya mwezi ujao bila shida.

Sasa kelele, na hapa ndo pana utajiri wa mambo na ndo watu hawapimi kabisa. Feni yoyote ukiipeleka mwisho wa spidi itapoza. Kwaiyo mtu akikwambia hii imeshinda ile kwa digrii 4, muulize kwanza zilikuwa zinapiga kelele sawa? Kama moja ilikuwa inakimbia mizunguko 2000 kwa dakika na nyingine 1200 hujalinganisha kitu. Njia ya haki ni kuzifunga zote zitoe kelele moja, alafu ndo uangalie ipi ina pengo dogo la joto. Ndani ya baiosi (mipangilio ya msingi ya kompyuta) au kwa programu ya bure ya FanControl unaweza kuifunga feni kwenye spidi moja isipande wala isishuke. Na kuna kanuni ya feni nzuri sana kuijua, ukipunguza spidi nusu, hewa inapungua nusu, lakini kelele inashuka kama desibeli 15 hivi, na desibeli 10 tu sikio linasikia kama sauti imepungua nusu. Maana yake kupunguza spidi kidogo kunakupa utulivu mkubwa kwa gharama ya digrii chache. Hii ndo sababu feni kubwa inashinda ndogo, inapeleka hewa ileile ikiwa imetulia.

Kipimo cha desibeli kama huna tumia simu, lakini ujue mipaka yake. Simu mbili hazitatoa namba sawa, na kelele ikiwa ndogo sana maiki ya simu inaanza kusoma mvumo wake yenyewe. Ila simu ileile, imewekwa palepale nusu mita kutoka kwenye keisi, usiku uleule, inakuonyesha tofauti ya feni moja na nyingine vizuri tu. Usiku wa manane ndo muda wake, zima panga boi, funga madirisha, subiri bodaboda wapungue na jenereta la jirani lizimwe. Soma kwanza kompyuta ikiwa imezimwa kabisa, maana kama chumba chenyewe kinasoma 38 na feni ikiwaka inasoma 38, hujapima feni, umepima mtaa. Feni nyingine zote za keisi zifunge kwenye spidi moja isiyobadilika. Mzigo wa kupimia uwe wa prosesa peke yake, programu ya Cinebench inayorudiarudia inafaa, ili kadi ya grafiki ikae kimya, kadi nyingi za siku hizi zinasimamisha feni zenyewe kama hazina kazi.

Usiamini desibeli zilizoandikwa kwenye boksi. Thermalright Peerless Assassin 120 SE imeandikwa 25.6, Noctua NH-D15 imeandikwa 24.6, na mtu anahitimisha Noctua iko kimya zaidi kwa desibeli moja. Kila kiwanda kinapima kivyake, umbali wake, chumba chake, hizo namba mbili haziongei.

Kitu kingine, hizi prosesa mpya zina tabia ya kupanda spidi mpaka zigonge ukuta. Ryzen 7000 za herufi X zimetengenezwa kabisa kukimbilia 95 kama ina nafasi. Unaweza ukafunga feni dhaifu ikaonyesha 95, ukafunga feni nzuri ikaonyesha 95, ukasema pesa yangu imekwenda bure. Angalia na spidi ya prosesa na wati inazokula, utaona ile feni nzuri imeiacha prosesa ikimbie zaidi kwa joto lilelile. Mi napendelea kufunga wati kwenye baiosi wakati wa kupima, kila feni ipewe mzigo uleule, hapo pengo la joto linasema ukweli. Na uache mzigo ukimbie dakika 20 mpaka 30, zile dakika tano za mwanzo ni za uongo hasa kwa feni za maji, maji yanachukua muda kupata joto.

Haya tuje kwenye zenyewe.

Ya boksini. Wraith Stealth ya AMD na Laminar RM1 ya Intel ni vipande vifupi vya aluminiamu na feni ndogo juu, na ile ya Intel ikilemewa inapita mizunguko 3000 kwa dakika. Kama kazi yako ni ofisi, Excel, mtandao, YouTube, kusoma, baki nayo, hakuna haja ya kutoa hata mia. Shida inakuja prosesa ikipewa kazi ya muda mrefu. i5-12400 imeandikwa wati 65 lakini Intel wenyewe wanasema inaweza kwenda 117, Ryzen 5 7600 imeandikwa 65 inakula mpaka 88. Kwenye chumba cha 31 ile feni ndogo itaibeba, haitazima kompyuta, lakini itaibeba kwa kupiga mluzi, na mluzi wa feni ndogo ni wa juu, unakera kuliko mvumo wa feni kubwa hata kama simu inasoma desibeli sawa. Kwa prodyuza wa Manzese au Tandale anayetengeneza singeli chumbani, maiki iko mita moja kutoka kwenye keisi, ule mluzi unaingia kwenye kila sauti anayorekodi alafu anakaa usiku kuuondoa kwa programu na unaondoka na utamu wa sauti ya msanii.

Mnara mmoja. Hapa ndo ninaposimama mimi. DeepCool AK400, Hyper 212 ya Cooler Master, na nyingine za aina hiyo, mabomba manne ya shaba yanapanda kutoka kwenye prosesa yanaingia kwenye mapezi ya aluminiamu na feni ya milimita 120 inapuliza katikati. Yale mabomba yana maji kidogo ndani yakiwa kwenye mgandamizo mdogo, yanachemka chini kwenye prosesa, mvuke unapanda, unapoa kwenye mapezi, unageuka maji unarudi chini, hakuna pampu hakuna umeme, kitu kinaweza kufanya kazi hiyo miaka na miaka. Ukilinganisha na ya boksini kelele zikiwa sawa, pengo linapungua digrii 10 mpaka 20 kutegemea na prosesa. Hakuna hatua nyingine kwenye huu ulinganisho wote inayokupa kiasi hicho kwa pesa kiasi hicho. Kwa prosesa zote za wati mpaka 120 hivi, yani i5-12400, Ryzen 5 5600 na 7600, hata Ryzen 7 7700 isiyo na X, mi nasema chukua hii uache kuumiza kichwa. Feni ikifa baada ya miaka kadhaa unaenda Kariakoo unanunua ya 120 yoyote unaifunga kwa vile vibano vyake viwili umemaliza.

Minara miwili. Peerless Assassin 120 SE, DeepCool AK620, na mkubwa wao NH-D15 wa Noctua wa Austria aliyetoka 2014 na mpaka leo watu wanampimia wengine. Mabomba sita, feni mbili. Kwenye prosesa ya wati 88 tofauti yake na mnara mmoja, kelele zikiwa sawa, ni digrii chache tu, na hapo ujue kufungua na kufunga feni ileile mara ya pili peke yake kunaweza kubadilisha digrii 2 kwa sababu ya pesti (ile ya kupitisha joto, inayopakwa kati ya prosesa na feni) na mkazo wa skrubu, kwaiyo tofauti ya digrii 1 au 2 usiihesabu kabisa. Lakini ukipanda kwenye 7700X inayokula mpaka 142, au i7-12700K ya 190, hapo minara miwili inaanza kulipa, hasa ukiwa unarenda masaa. Peerless Assassin kule Marekani inauzwa dola 35 hivi, Noctua NH-D15 inapita 100, na kwa joto zinafuatana kwa karibu sana, mi kwa pesa yangu nachukua ya kwanza. Noctua unalipia feni iliyotulia zaidi, ufungaji mzuri na dhamana ya miaka sita, kama unaishi na maiki kila siku na mfuko unaruhusu sawa.

Angalizo la uzito. NH-D15 na feni zake ni kilo 1.3, na unaning'inia kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta). Kompyuta yenye kitu hicho ukiipakia kwenye bajaji ikiwa imesimama wima ukapita barabara za mashimo, kila shimo linavuta madabodi. Ilaze ubavu, madabodi iwe chini na mnara uangalie juu, au utoe kabisa. Nimeona bodi iliyopinda pembeni ya soketi, ramu upande mmoja haisomi tena, na mwenye nayo alikuwa amehama tu kutoka Mbagala kwenda Kimara.

Ya maji. Najua ndo inayotamaniwa, zile taa na mipira yake vinavutia kwelikweli. Ila maji hayafanyi muujiza, yanabeba joto kutoka kwenye prosesa kulipeleka kwenye rejeta (fremu ya mapezi yenye feni zake), na rejeta inapozwa na hewa ileile ya 31. Uzuri wake wa kweli ni kwamba maji yanapanda joto polepole, kazi za kupanda na kushuka feni hazistuki, kompyuta inabaki imetulia. Mzigo ukiwa mrefu ule uzuri unaisha, rejeta ya 240 ina feni mbili za 120 sawasawa na minara miwili, na kwenye prosesa ya wati 140 zinakaribiana. Ikiwa una i7-14700K au i9-14900K, zinazoruhusiwa kwenda wati 253, hapo sawa, rejeta ya 360 ina kazi yake na mnara utahangaika kwa joto letu. Chini ya hapo kwa Dar mi siishauri.

Sababu zangu ni hizi. Pampu inalia muda wote hata kompyuta ikiwa haina kazi, ni mlio mwembamba, usiku unausikia. Maji yanapotea kidogokidogo kupitia kuta za mipira miaka inavyoenda na joto linaharakisha, yakipungua hewa inaingia na unaanza kusikia gluglu, na kama rejeta imewekwa vibaya pampu ikawa ndo sehemu ya juu kuliko zote hewa inajaa humo. Pampu ikifa prosesa inapanda ukutani ndani ya muda mfupi sana, na pampu yenyewe hutaipata dukani, ni kitu kizima kinatupwa. Dhamana ipo kwenye karatasi, sasa kuitumia wakati umenunua kwa mtu aliyeleta na begi kutoka Dubai ni habari nyingine.

Alafu kuna anayesema mi nitawasha kiyoyozi. Ni kweli ukishusha chumba digrii 6 prosesa inashuka kama 6, lakini kiyoyozi kidogo cha BTU 9000 kinakula kama wati 800 kikiwa kinavuta, LUKU yako inajua. Washa kiyoyozi kwa ajili yako wewe.

Vumbi na chumvi havimo kwenye vipimo vya wazungu kabisa. Mapezi yaliyobanana sana yanakamata vumbi upande wa feni ya mbele mpaka inakuwa kama blanketi, na unyevu wetu unaligandisha, halitoki kwa kupuliza tu. Minara miwili na rejeta ndo zinazoumia zaidi. Toa feni, tumia brashi laini ya rangi, alafu puliza, na wakati unapuliza shika mapanga ya feni yasizunguke maana yakikimbizwa na upepo bearingi inakufa. Kama uko Kigamboni, Mbezi Beach, Msasani, karibu na bahari, chagua yenye mabomba yaliyopakwa nikeli, shaba tupu inageuka kijani haraka. Na pima upya pengo lako baada ya miezi kadhaa, likiongezeka digrii 5 au zaidi kwa wati zilezile ujue ni vumbi.

Kitu kimoja ambacho hakina gharama na kinabadilisha kelele kuliko hata kununua feni mpya ni mchoro wa spidi kwenye baiosi, ule unaoamua feni ikimbie kiasi gani kwa kila joto. Ule wa kiwandani umepangwa kwa vyumba vya baridi. Prosesa ikiwa imetulia kwenye chumba cha 31 inakaa 45 mpaka 50, na mchoro wa kiwandani pale pale kwenye 50 unaanza kupandisha feni, kwaiyo ukifungua ukurasa tu wa mtandao inavuma, inashuka, inavuma. Usogeze mchoro wote mbele kwa digrii 8 mpaka 10, mpaka 60 iwe spidi ya chini kabisa, 75 iwe katikati, 85 ndo iende juu, kwa 5600 ushushe kidogo kwa sababu ya ile 90 yake. Alafu weka kuchelewa kwa sekunde kadhaa kabla feni haijapanda. Watu wengi wakishafanya hivi hata feni ya boksini wanaivumilia.

Kwenye kubadilisha feni mwenyewe, wenye Ryzen za AM4 (soketi ya AMD ya zamani, kama ya 5600) nawaomba mnisikilize hapa. Usivute feni ya zamani moja kwa moja juu. Pesti iliyokauka inashika, na ile soketi haibani prosesa kwa juu, itatoka pamoja na feni na pini zake zitapinda. Washa kompyuta, ipe kazi dakika kadhaa pesti ilainike, zima, chomoa waya wa umeme, legeza, alafu izungushe feni kushoto kulia taratibu mpaka usikie imeachia, ndo unyanyue. AM5 (soketi mpya ya AMD, kama ya 7600) na za Intel zimefungwa kwa chuma juu, hazina hatari hiyo.

Mwisho ni dukani. Kama ni ile Dell OptiPlex au HP ya mtumba mnayonunua kwa ajili ya ofisi, acha kwanza, matundu ya madabodi na tundu la waya wa feni mara nyingi si ya kawaida na keisi ni nyembamba, mnara hauingii. Kwa keisi za kawaida pima nafasi kutoka madabodi mpaka mfuniko wa pembeni, AK400 na Peerless Assassin zinataka milimita 155, AK620 160, NH-D15 165, na ramu ndefu zinaweza kuzisukuma feni juu zaidi. Muuzaji ukimuuliza hii inaingia LGA1700 atakwambia inaingia boss hizi zote sawa, si kweli, LGA1700, soketi ya Intel ya kina i5-12400, matundu yake yameachana milimita 78 na soketi zilizoitangulia, LGA1200 na 115x, ni 75, feni ya zamani bila breketi mpya haikai. AM5 inapokea feni nyingi za AM4 lakini zile tu zinazotumia bamba la nyuma lililokuja na bodi yenyewe. Kwaiyo mwambie afungue boksi palepale kaunta, utoe breketi uzione kwa macho, uhesabu na skrubu zake, uangalie na pesti kama imo, ndo utoe hela.